Kupanga meno ya mota ya kubadili njia ya sumaku

Mimi huanza na stata, sehemu isiyozunguka, ya vipande 12 vya chuma vyenye umbo la U, sumaku katikati ya kila viwili vinavyopakana, zikielekea kinyume kwa zamu. Koili hukumbatia sumaku pamoja na miguu miwili inayoibana. Rota, sehemu inayozunguka, yenye meno 10 hubaki chuma kitupu. Ndiyo raha ya mota hii.

Usikimbilie kuongeza meno. Zidisha mizunguko kwa dakika kwa meno ya rota, gawanya kwa 60, upate masafa ya umeme: mizunguko 3000 kwa meno 10 hutoa hezi 500. Kwa meno 14 ni 700, na chuma kitapata moto zaidi, kwa hiyo kijenge kwa bati nyembamba. Fremu? Alumini. Ya chuma huvuta nguvu ya sumaku nje bure.