Somo: Kuchagua Metali ya Vipuli kwa Masikio Yanayowasha Upesi

Siku mbili tatu baada ya Idi ndipo mlango wangu unapogongwa zaidi. Wanaokuja ni wanawake na wasichana waliovaa vipuli vipya wakafurahi navyo siku ya kwanza, na kufikia siku ya tatu ndewe zao zinawasha, zimevimba na zinatoa majimaji. Wengi huniambia kuwa masikio yao hayapatani na vipuli, na wengine wameshaacha kabisa kuvivaa. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikitoga masikio hapa Mombasa, nimeamini kwamba ni wachache mno wasiopatana na kipuli chochote. Kinachowasumbua walio wengi ni metali moja iitwayo nikeli, na mahali pa kuitafuta si kwenye ua linaloonekana mbele, bali kwenye kijiti kinachopita ndani ya tundu na kizibo kinachokaa nyuma.

Hatua ya kwanza: kujua sikio lina nini

Mzio wa nikeli, yaani aleji, haumkamati mtu papo hapo. Nikeli huyeyuka kidogo kidogo katika jasho, hupenya kwenye ngozi, na kinga ya mwili huitikia baada ya muda wa saa 12 hadi siku mbili au tatu, ndiyo maana mtu hudhani kilichomdhuru ni alichokula jana, kumbe ni kipuli alichokivaa juzi. Mwili ukishajifunza kuikataa nikeli, kwa kawaida hausahau tena. Anayeanza kuwashwa akiwa na miaka kumi na minne aelewe kwamba atachagua vipuli vyake kwa uangalifu maisha yake yote.

Dalili za mzio ni kuwashwa kwa masikio yote mawili, ngozi kukauka na kubanduka, na majimaji meupe yasiyo na harufu. Maandishi mengi husema ngozi hugeuka nyekundu, lakini kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani; kinachoonekana ni ngozi kuwa nyeusi zaidi kuzunguka tundu na kuwa ngumu kidogo inapoguswa. Jiulize pia kama umewahi kupata upele chini ya kitovu, panapogusa kifungo cha suruali ya jinzi, au chini ya saa ya mkononi, au panapokaa bizimu la mkanda. Ukijibu ndiyo, karibu umepata jawabu. Anayetaka uhakika aende kwa daktari wa ngozi, ambaye atambandika vitu mbalimbali mgongoni kwa plasta kwa siku mbili, kisha asome ngozi ilivyoitikia siku hiyo na tena baada ya siku nyingine moja au mbili.

Maambukizi ni jambo jingine. Hayo huja na maumivu yanayopwita, joto, usaha wa manjano au kijani, na mara nyingi sikio moja tu. Likitokea hilo usilitibu kwa kubadilisha metali. Nenda hospitali, na ikiwa tundu ni la juu, kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu gegedu likiharibika sikio hupoteza umbo lake.

Kuna na sisi wenyewe tunavyoyachokoza masikio. Tunapaka marashi nyuma ya sikio, tunafunga mtandio juu yake, kisha tunatembea katika joto la mwezi wa Februari. Marashi peke yake yanaweza kuleta mzio, na jasho lililozuiliwa chini ya kitambaa ndilo linaloiyeyusha nikeli vizuri zaidi. Mtu anayevaa kipuli kile kile kwenye baridi ya Limuru bila shida anaweza kushindwa nacho akiteremka Pwani.

Hatua ya pili: kulipumzisha sikio

Usijaribu metali mpya juu ya ngozi iliyochubuka, kwa sababu hata iliyo njema itaonekana mbaya. Ikiwa tundu ni la zamani, vua vipuli mpaka ngozi irudie hali yake. Osha mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi, robo kijiko cha chai katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, na usipake spiriti wala haidrojeni peroksaidi, kwani huchoma ngozi changa inayojaribu kupona. Ikiwa tundu ni jipya, chini ya wiki sita hadi nane kwa ndewe, usivue ukaliacha wazi, maana litaziba. Mwombe aliyekutoga akubadilishie kipuli cha titaniamu.

Hatua ya tatu: kuchagua metali

Titaniamu ndiyo ninayoanza nayo kwa kila sikio lenye matatizo. Hewa inapoigusa hujifunika utando mwembamba usiopitisha kitu, na ndiyo sababu madaktari huitumia kuunga mifupa na kupandikiza meno. Tena ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 4.5, na ya chuma cha pua karibu gramu 8, kwa hiyo ndewe haivutwi. Uliza titaniamu ya kupandikiza mwilini, ambayo viwango vyake huandikwa ASTM F136 au ISO 5832-3. Rangi za buluu, zambarau au dhahabu unazoziona juu yake, zikiwa zimetiwa kwa njia ya umeme, si rangi ya kupaka. Ni utando ule ule uliokuzwa. Niobiamu nayo ni salama kiasi hicho, ila ni adimu madukani.

Dhahabu ndiyo metali ya hapa kwetu, na mama zetu hawakukosea kuipenda. Lakini neno dhahabu halitoshi. Unachonunua ni kiasi cha dhahabu pamoja na kilichochanganywa nayo. Ya karati 22 ina sehemu 916 kati ya 1,000, ya 21 ina 875, ya 18 ina 750, na ya karati 9 ina 375 tu, maana yake zaidi ya nusu yake ni kitu kingine. Dhahabu ya njano huchanganywa zaidi na fedha na shaba, ambazo masikio mengi huzivumilia. Dhahabu nyeupe ndiyo ya kuihofia, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huifanya nyeupe kwa nikeli. Wapo pia wanaoifanya nyeupe kwa paladiamu, lakini baadhi ya wenye mzio wa nikeli huitikia paladiamu vile vile. Ushauri wangu ni kutoshuka chini ya karati 18, na kuchagua ya njano. Wapo wachache wenye mzio wa dhahabu yenyewe, na hao warudi kwenye titaniamu.

Fedha iliyopigwa muhuri wa 925 ina sehemu 75 za metali nyingine, aghalabu shaba. Ninaikubali kwa tundu lililopona, siyo kwa tundu jipya, kwa sababu hewa yetu yenye chumvi na unyevu huifanya iwe nyeusi upesi, na weusi huo huingia kwenye kidonda. Baadhi ya fedha inayong'aa kupita kiasi imechovywa, yaani imefunikwa juu kwa ngozi nyembamba ya metali nyingine, na chini ya kuchovya huko huenda kuna tabaka la nikeli.

Hapa nina uchungu kidogo na neno "chuma cha hospitali", ambalo wauzaji hulitaja kana kwamba ni cheti. Neno hilo halimaanishi aina moja ya chuma. Chuma cha pua kiitwacho 316L, ambacho mara nyingi ndicho kinachokusudiwa, kina nikeli ya asilimia 10 hadi 14. Ni kweli kwamba nikeli hiyo imeshikwa imara na hutoka kidogo sana, na watu wengi hukivaa miaka na miaka bila tatizo. Lakini kwa mtu ambaye tayari ana mzio, kumwambia kuwa hakina nikeli ni kumpotosha.

Vipuli vya kuchovya dhahabu ni vya mwisho kwangu. Ngozi ya dhahabu iliyo juu ni nyembamba mno, na kijiti kinachoingia na kutoka tunduni kila siku huipoteza kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Hatua ya nne: kumhoji muuzaji

Nikiwa msichana niliuziwa vipuli kwa kiapo kwamba ni fedha tupu, na ndewe zangu zilitoa majimaji kwa wiki tatu. Tangu siku hiyo siulizi "Je, hiki kinawasha?" bali nauliza "Kijiti kimetengenezwa kwa metali gani, na muhuri wake uko wapi?" Maneno "hakina aleji" hayana kipimo. Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya nikeli mwaka 1994, na leo kijiti kinachoingia tunduni hakiruhusiwi kutoa zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha karatasi ya kiwango hicho anakupa jambo la kweli zaidi kuliko anayeapa.

Usitegemee sumaku. Chuma cha 316L chenye nikeli kwa kawaida hakivutwi na sumaku, na titaniamu haivutwi pia, hivyo sumaku haitakutofautishia. Kinachosaidia ni dawa ya kupimia nikeli, iitwayo dimethilglioksimi, ambayo hutiwa kwenye pamba na kusuguliwa juu ya kijiti. Pamba ikigeuka waridi, nikeli inatoka. Sugua kijiti na kizibo, na kwa kipuli cha kuchovya sugua mahali palipochakaa.

Hatua ya tano: kuvaa kwa majaribio

Vaa sikio moja tu, kwa muda wa saa tatu, kisha vua na usubiri siku mbili kamili. Likitulia, vaa mchana mzima, na usubiri tena. Wakati huo usibadilishe sabuni wala marashi, la sivyo hutajua lililokudhuru.

Maswali ya wanachama wanaofuata somo hili

Mama kutoka Likoni anauliza: Mwalimu, binti yangu ana wiki tano na bibi yake anataka atogwe sasa. Nimvalishe nini?

Dada yangu, mweleze bibi yake kwa upole kwamba msubiri chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu ndani yake mna kinga ya pepopunda. Baada ya hapo mvalishe titaniamu au dhahabu ya karati 18 kwenda juu, isiyoning'inia, yenye kizibo cha skrubu, maana kizibo cha kusukuma huchomoka na mtoto akakitia mdomoni.

Mwanachama wa Majengo anauliza: Harusi yangu ni mwezi ujao na seti niliyokodiwa ni ya kuchovya. Nifanyeje?

Mpelekee sonara mapema, kwa idhini ya mwenye seti, abadilishe kulabu pekee aweke za dhahabu. Ua kubwa libaki lilivyo. Kulabu za titaniamu hununuliwa tayari, kwa sababu titaniamu haitiwi lehemu kwa moto wa kawaida wa sonara. Vipuli vya kubana visivyohitaji tundu havikuokoi, kwani vingi vina nikeli na hukandamiza ngozi. Vua mara sherehe inapokwisha, usilale navyo.

Mwanachama wa Kisauni anauliza: Nikivichemsha vipuli, nikeli itatoka?

Hapana. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema kwa usafi, lakini nikeli ni sehemu ya metali yenyewe. Na wanaopaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kijiti wajue kwamba hubanduka ndani ya tundu, mimi siipendekezi.

Mwanachama wa Mji wa Kale anauliza: Bi, vipuli vya marehemu nyanya yangu ni dhahabu ya karati 22, vina muhuri, naye alivivaa miaka arobaini. Mbona mimi vinaniwasha?

Tazama vizibo kabla ya kuilaumu dhahabu. Vizibo hupotea, na mara nyingi huwekwa vingine vya bei rahisi vinavyofanana navyo kwa rangi. Tazama pia kama kijiti kimewahi kukatika kikaungwa, kwa sababu lehemu iliyotumika huenda si ya karati ile. Mpelekee sonara avioshe, apime kijiti na kizibo kila kimoja peke yake, akutengenezee vizibo vya dhahabu ya njano, kisha uanze na sikio moja kama nilivyoeleza.