Kuomba kozi za afya SUZA Mbweni ukiwa Pemba: soma hii kabla hujamfuata kijana wa steshenari

Assalam aleikum jamani. Kila mwaka matokeo ya fom foo yakishatoka simu yangu haipumui, mara shangazi wa Konde anauliza mwanawe afanye nini, mara jirani, mara mtu hata simjui kapewa namba yangu na mgonjwa niliyemchoma sindano, na wote swali lao moja tu, "unesi unaombwa vipi?" Sasa nimechoka kujibu kwa voisi za dakika saba saba, naandika mara moja, mwenye kutaka asome na mwenye mdogo wake amtumie. Mie ni nesi kwenye kituo cha afya huku Pemba, stashahada yangu nimesoma pale Mbweni, Unguja, kwenye skuli ya afya ya SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na maombi yangu ya mwanzo yalikwama, tena maksi zilikuwa zinatosha, kilichonikwamisha ni herufi moja. Nitaieleza hiyo mbele.

Kabla ya karatasi yoyote, nenda kituoni kwenu. Si kuumwa, nenda ukaangalie. Mtake rukhsa mkuu wa kituo, mwambie "naomba nikae siku moja nione kazi, nataka kuomba chuo", wengi wetu tunafurahi mtu akija hivyo. Chagua siku ya kliniki ya watoto. Utawakuta kina mama wameshafika kabla mlango haujafunguliwa, kadi za watoto zimepangwa mezani kwa foleni, mtoto anatiwa kwenye ile suruali ya mizani ya kuning'inia anapiga kelele kama anachinjwa, wewe usome kilo, uandike kwenye kadi, uandike kwenye rejista, uangalie chanjo gani imempita, huku mlangoni kuna mjamzito amekuja na presha na nyuma yake mzee ana homa anataka kipimo cha malaria. Na nesi siku hiyo mko wawili, pengine mwenzako kaenda semina. Ukitoka pale saa nane mchana bado unaitaka kazi hii, endelea kusoma. Kama umeona mbona kelele nyingi, hapana ubaya, umejiokolea miaka mitatu.

Na siku hiyo hiyo utagundua kituo si nesi tu. Yupo tabibu, huyu ndiye anayemuona mgonjwa na kuandika dawa, kozi yake wanaiita Clinical Medicine. Yupo wa maabara, yupo wa dawa, yupo bwana afya anayezunguka kwenye visima na mikahawa, vituo vikubwa yupo na wa meno. Watu huomba unesi kwa sababu ndio jina wanalolijua, halafu wanabanana wote hapo hapo.

Sasa sifa. Kwa unesi na ukunga na kwa utabibu, kima cha chini kinachotumika ni paasi nne za fom foo, na ndani ya hizo nne lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Paasi ni kuanzia D, yaani alama 30 kwenda juu. Dini haihesabiwi, wallahi kila mwaka nakutana na mtoto ana Kemia D, Baiolojia C, Fizikia D na ya nne yake ni Elimu ya Dini ya Kiislamu, anakuja mbio anasema nna nne, huna nne mwanangu, una tatu. Hesabu na Kiingereza si lazima lakini zinakuongezea nguvu. Na ujue D nne zitakupitisha mlangoni tu, kama waombaji ni wengi wanaanza na wenye C na B. Kozi nyengine kama za dawa na afya ya mazingira masomo yanabadilika kidogo, kwa hiyo fungua kitabu cha muongozo wa udahili cha NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, kinatoka kila mwaka na kinapakuliwa bure, usitegemee maneno ya barazani. Kama ulirejea mtihani na paasi zako zipo kwenye vyeti viwili, usife moyo, utajaza namba zote mbili za mtihani.

Haya, majina. Hapa ndipo nilipoangukia mie.

Baba yangu anaitwa Khamis. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis kwa K. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu aliyekuwa na daftari akaandika Hamis, nani angeona tatizo, tulikuwa tunaitwa kwa majina ya mwanzo tu. Jina likaenda hivyo mpaka cheti cha fom foo. Nikaomba chuo, nikatia cheti cha mtihani na cheti cha kuzaliwa, jibu likaja kwamba nyaraka hazilingani, nikashughulikie. Kushughulikia kwenyewe ni wiki tatu, dirisha la maombi likafungwa, nikakaa mwaka mzima nyumbani nakuna nazi.

Kwa hiyo leo, kabla ya tangazo lolote kutoka, kaa chini na karatasi zako zote: cheti cha kuzaliwa, cheti au risalt slip ya mtihani, kitambulisho cha Mzanzibari kama umeshafika miaka 18. Soma herufi kwa herufi. Khamis na Hamis, Omar na Omari, Seif na Sefu, Mwanaisha na Mwana Aisha, Othman na Uthman. Angalia idadi ya majina, hapa umeandikwa mawili, kule matatu. Angalia tarehe ya kuzaliwa, wale waliozaliwa nyumbani kwa mkunga wa kienyeji na kuandikishwa baadaye hapo huwa pana mambo. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili au mahakamani ukaape kiapo kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, kiapo kigongwe muhuri, ukiskani uwe nacho pamoja na vyeti vyako. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa chenyewe, basi ni ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na huko usiende mkono mtupu, anzia kwa sheha akupe barua. Sheha naye ni mtu ana shughuli zake, ukimfuata ana msiba au yuko shamba utarudi kesho, ndio maana nasema anza sasa hivi. Na kwenye fomu ya chuo andika jina kama lilivyo kwenye cheti cha mtihani, hata kama linakuudhi, kwa sababu matokeo yako yanatafutwa kwa cheti hicho.

Tuje kwenye kuomba kwenyewe. Skuli ya afya ya Mbweni ni sehemu ya SUZA, zamani kilikuwa chuo cha afya peke yake, sasa maombi yanapitia mfumo wa SUZA mtandaoni, tovuti ni suza.ac.tz. Tangazo likitoka litasema kozi zilizopo, siku ya mwisho na ada ya maombi. Huhitaji kupanda boti. Nasema hivi kwa sababu kuna wazazi bado wanawatia watoto kwenye boti ya Mkoani miezi ya kusi, mtoto anatapika mpaka Malindi, eti akapeleke fomu, na fomu yenyewe ingejazwa Chake kwa bando la intaneti.

Ila ukijaza kwa steshenari ndugu yangu kuwa macho. Kijana wa steshenari anataka amalize aite mwengine, hana ubaya ila ana haraka. Atakufungulia akaunti kwa imeili yake na namba ya simu yake kwa sababu wewe umesema huna imeili. Siku chuo kinaandika kwamba umechaguliwa, ujumbe unakwenda kwake, na yeye ana imeili kama hizo mia, atakukumbuka saa ngapi? Nimemuona binti mzuri tu, alama zake safi, kajua kachaguliwa wenzake wameshaanza masomo. Kwa hiyo fungua imeili yako mwenyewe nyumbani, kwa jina lako la kawaida, si ile ya sweetgirl, paswedi iandike kwenye daftari. Namba ya simu tia yako au ya mzazi, line ambayo haitazimwa.

Vyeti viskani kwa mashine. Ukipiga picha kwa simu huonekana mkeka, huonekana kidole gumba, huonekana kivuli cha kichwa chako. Kama huna njia nyengine ila simu basi tumia zile programu za kuskani, weka karatasi kwenye meza mchana karibu na dirisha, toa kama pdf, faili liwe dogo maana mifumo hii inakataa mafaili makubwa. Kila faili lipe jina linaloeleweka, sio scan0001.

Ndani ya mfumo utaulizwa namba ya mtihani, ile inayoanza na S kama ulifanya kwenye skuli au P kama ulifanya kwa kujitegemea, halafu namba nne za kituo, mkwaju (/), namba nne zako, mkwaju, mwaka. Ukikosea tarakimu moja unaweza kuletewa matokeo ya mtu mwengine kabisa, basi ukiona Fizikia yako imekuwa A ghafla usishangilie, rudi uangalie namba. Utachagua kozi kwa mpangilio, usijaze unesi peke yake ukaacha nafasi nyengine wazi, tia na ya pili na ya tatu unazozikubali kweli. Utapewa kontroo namba ulipe ada ya maombi kwa simu au benki, risiti piga picha utunze. Halafu, na hapa wengi wanaponzeka, rudi kwenye mfumo ubonyeze ile ya mwisho ya kutuma. Kulipa si kutuma. Usiondoke mpaka umeona imeandikwa kwamba maombi yamepokewa, na hiyo nayo ipige picha.

Baada ya hapo ingia kwenye akaunti yako kila baada ya siku mbili tatu, usingoje kupigiwa. Akikupigia mtu akisema nafasi yako ipo ila tuma kitu kidogo, huyo ni tapeli, kata simu. Na kama umekosa Mbweni ukawa unatazama chuo cha binafsi, iwe Unguja au Tanzania bara, kwanza kitafute kwenye orodha ya NACTVET, vyuo vya afya namba zao za usajili huanza na REG/HAS, kisichokuwepo humo usikipe hata shilingi.

Ukipata, utaletewa barua ya kujiunga na fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo ijazwe spitali na daktari aweke sahihi na muhuri, usijaziwe na mjomba. Siku hiyo hiyo ulizia chanjo ya homa ya ini B, ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu baada ya miezi sita, na wewe utaanza kushika sindano na damu za watu mapema kuliko unavyofikiri. Masomo ni miaka mitatu, levo 4, 5 na 6, na fildi zake wodini na kwenye vituo. Ukimaliza unajisajili kwenye baraza la fani yako ndio unaruhusiwa kufanya kazi, ajira za serikali hizo unaziomba kwenye mfumo wa Zan Ajira, nayo ni habari ya siku nyengine.

Wale ambao Kemia imegoma kabisa, kuna wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na simu ya kazi, wanawafuata wajawazito na watoto wadogo. Hawa wanatoka ndani ya shehia yenyewe, kwa hiyo mwambie sheha wako mapema kwamba nafasi ikitokea unaitaka, na uwe mtu wa kusoma na kuandika vizuri na majirani wanakukubali waingie nao ndani. Haikupi cheti cha unesi, tusidanganyane, lakini nimefanya kazi na dada mmoja wa hivyo, anaijua mimba ya kila nyumba kabla sisi kituoni hatujasikia, akaja kurejea mitihani yake na sasa hivi yuko levo 5.

Siku ya kuripoti Mbweni wanataka vyeti orijino, kopi hazitoshi. Vitie kwenye faili la plastiki lenye zipu na ukae navyo mkononi, usivitie kwenye begi linalokwenda chini na mizigo, kwani mie langu lilitoka bandarini limeroa maji ya dagaa wa mtu.