Jinsi ya Kupiga Picha Inayokaribia Ulichokiona kwa Macho

Anayesimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, huziona vizuri nguzo za mawe ya matumbawe zilizo kivulini na pia majani yanayong'aa kwa jua nje ya matao. Akipiga picha kwa simu, mara nyingi hupata ama nguzo zinazoonekana na nje iliyoungua kwa weupe, ama nje safi na ndani nyeusi tii. Wengi hudhani simu yao ni mbovu, ilhali tofauti imo katika namna jicho linavyofanya kazi.

Jicho halioni mandhari yote kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayoona kwa ukali kamili hutazama eneo la takriban digrii 2 tu, yaani karibu upana wa ukucha wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Unaweza kulithibitisha hili ukiwa ufukweni Mikindani: nyoosha mkono kuelekea mashua iliyoandikwa jina ubavuni, ukaze macho kwenye ukucha wako bila kuyahamisha, kisha ujaribu kulisoma jina hilo likiwa pembeni kidogo mwa kidole. Mashua utaiona, lakini herufi hazitasomeka. Katika maisha ya kila siku hatulitambui pengo hili kwa sababu macho huruka mara 3 hivi kwa sekunde kutoka sehemu moja hadi nyingine, retina ikijirekebisha kulingana na mwanga wa kila sehemu, na ubongo ukiviunganisha vipande hivyo kuwa mandhari moja. Kamera, kwa upande wake, hutumia kipimo kimoja cha mwanga kwa picha nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, jiulize macho yako yalikuwa yameng'ang'ania nini, kisha uipe kamera kitu hicho kimoja. Kule msikitini, kama ni nguzo, gusa nguzo kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Kama unazitaka nguzo na majani pia, washa HDR, ambayo huunganisha picha kadhaa zenye viwango tofauti vya mwanga, na utulize mkono. Kurudi wakati jua limelegea, asubuhi au jioni, husaidia kuliko programu yoyote.

Nyuso za watu zinahitaji uangalifu zaidi. Kamera inayojipangia yenyewe hukadiria mwanga wa eneo zima na kulivuta kuelekea wastani, hivyo kwenye mchanga mweupe wa Msimbati hupunguza mwanga, na mtu mwenye ngozi nyeusi hubaki kama kivuli ingawa wewe uliyekuwa mbele yake uliliona tabasamu lake lote. Gusa uso wake, kisha ukipandishe kile kialama cha jua kinachotokea pembeni mpaka macho na mikunjo ya ngozi ionekane. Mchanga utapoteza undani wake, na ni haki upotee, kwa kuwa uliyempiga picha ni mtu. Ikiwezekana, mgeuze ili mwanga umwangukie usoni.

Rangi nayo huhaririwa na ubongo. Chini ya mwembe au mkorosho, mwanga hupenya kwenye majani na kufika ukiwa na ukijani, lakini sisi huendelea kuiona kanzu nyeupe kuwa nyeupe, kwani ubongo hulifidia badiliko hilo. Kamera hujaribu kufanya vivyo hivyo na mara nyingi hukosea, ndiyo maana picha nyingi za harusi zinazopigwa kivulini huwa na nyuso zenye ukijani. Msogeze mhusika hadi ukingoni mwa kivuli, ambako anga lililo wazi linamfikia. Kama hakuna nafasi, fungua sehemu ya kurekebisha rangi ya mwanga na uibadilishe mpaka kitu unachokijua kuwa cheupe kiwe cheupe.

Mwezi mpevu unaochomoza baharini, ukitazamwa kutoka mjini Lindi, huonekana mkubwa ajabu, na kwenye picha huwa kidoa. Upana wake ni karibu nusu digrii tu, uwe chini au utosini. Ukubwa ule hutengenezwa na ubongo, na lenzi pana ya simu hukizidisha kidoa kwa kukizungushia anga tupu. Tumia lenzi ya kuvuta mbali kama simu yako inayo, na urudi nyuma hadi nyumba au mnazi wa mbali uingie kando ya mwezi, kwa kuwa kitu hicho ndicho kitakachompa mtazamaji kipimo cha ukubwa. Gusa mwezi wenyewe, ushushe mwanga mpaka madoa yake yaonekane, kisha uegemeze simu kwenye ukuta kabla ya kubonyeza.