Vidonge vya kalsiamu: gawa dozi, usimeze vyote kwa mkupuo

Kama unameza vidonge vya kalsiamu na tumbo linajaa gesi au choo kinakuwa kigumu, angalia kwanza unavimezaje. Mwili hufyonza vizuri zaidi miligramu 500 au pungufu kwa wakati mmoja, kwa hiyo gawa: kimoja asubuhi, kingine jioni. Kunywa maji ya kutosha.

Soma lebo kwa makini. Kidonge cha kalsiamu kabonati cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500 tu. Aina hii imezwe pamoja na chakula, kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo. Ikikusumbua, muulize mfamasia kuhusu kalsiamu sitrati. Mara nyingi ni laini zaidi kwa tumbo, na humezwa hata kabla ya kula.

Watu wazima wengi wanahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, chakula kikiwemo. Anza kuhesabu maziwa na mtindi, kidonge kizibe pengo tu. Ukizidisha, unaweza kupata mawe kwenye figo.

Na tafadhali, kama unatumia dawa ya tezi ya shingo, achanisha dawa hiyo na kalsiamu kwa saa 4.