Mkate wa mbegu usiopita motoni

Loweka vikombe 2 vya mbegu za alizeti kwa saa 8, suuza, chuja. Saga kwenye blenda pamoja na karoti 2, nusu kitunguu na chumvi. Changanya na kikombe 1 cha unga wa mbegu za kitani. Huo ndio unaoshika mkate, maana hapa hakuna yai wala ngano. Subiri dakika 20, donge livutike kama ute wa bamia.

Tandaza juu ya karatasi, unene wa milimita 5, tafadhali usizidishe. Niliwahi kutandaza nene: juu pakakauka, ndani pakachacha, nikautupa wote kwa uchungu.

Weka kwenye kikaushio, yaani mashine ya kukausha chakula kwa hewa ya joto, uwashe nyuzijoto 46. Baada ya saa 6 geuza, bandua karatasi, hewa ipite chini. Kipande kikikunjika bila kukatika, toa.