SOMO: Kufufua azalea zilizorefuka na kubaki fito

Habari za asubuhi wanabustani. Maua ya azalea yameanza kupukutika huku Ilboru, Arusha, ndiyo maana nimelileta somo hili leo badala ya kulisogeza hadi mwezi ujao. Wengi wenu mmerithi azalea zilizopandwa na wazazi, au na waliokaa kwenye nyumba hiyo kabla yenu. Kichaka kimelipita dirisha, chini ni mashina matupu ya kijivu, majani yamekimbilia juu, na maua machache yanatoka kileleni mahali ambapo hakuna anayeyaona. Ukiomba ushauri unaambiwa ng'oa, panda kitu kingine. Nawasihi, msing'oe. Azalea kongwe ni mali. Chini ya gome lake kuna macho yaliyolala, na ukikata inavyotakiwa macho hayo huamka. Wenye vihamba wanalijua jambo hili: kahawa iliyochoka hukatwa kisiki, ikachipua, ikazaa tena. Azalea nayo hufufuka hivyo, ila inataka subira zaidi, na udongo wake una masharti.

Kwanza tuijue. Azalea ni aina ya rododendroni. Asili ya hizi za bustanini kwetu ni Asia, hasa China na Japani, na Afrika haina rododendroni ya porini hata moja. Ndugu zake lakini tunao. Waliopanda Kilimanjaro au Meru wameziona erika, ile miti yenye vijani vidogo kama sindano inayoanza msitu unapoishia, imefunikwa ndevu za kijivu. Azalea na erika ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo unapenda udongo wenye tindikali, wenye mboji nyingi, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Kumbukeni hilo, maana azalea nyingi za Arusha zinakufa kwa ajili ya udongo na maji, halafu lawama zinaangukia mkasi.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kukata

Kwangua gome kwa ukucha, sehemu tatu au nne, ukianzia juu kushuka chini. Ukiona kijani chini ya gome, shina liko hai. Ukiona kahawia kavu, shuka hadi ukutane na kijani.

Halafu tazama majani machanga. Yakiwa ya kijani kizima, mmea una nguvu na unaweza kukatwa mwaka huu. Yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mmea una njaa ya madini ya chuma. Hapo weka mkasi chini. Chipukizi jipya hulishwa na akiba iliyo kwenye mizizi na mashina, na mmea wenye njaa hauna akiba. Ukiukata sasa, utachipua kidogo, kisha utanyauka moja kwa moja. Mpe mwaka mmoja wa matunzo, umkate mwakani.

Hatua ya pili: udongo na maji

Hapa naomba mtulie nami, kwa sababu ndipo kazi yote ilipo.

Azalea inataka udongo wa pH kati ya 4.5 na 6 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi). Udongo wetu wa volkano una rutuba nzuri na huenda kwenye bustani yako unafaa, ila maji yanauharibu taratibu. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Meru yana floridi nyingi, ile inayoacha meno ya watoto na alama za kahawia, na kwa kawaida floridi hiyo hufuatana na magadi. Ukimwagilia maji ya magadi miezi yote ya kiangazi, tindikali ya udongo inapungua. Madini ya chuma bado yamo, lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Ndiyo sababu majani yanakuwa ya njano hata kama unaweka mbolea kila mwezi.

Dawa ya uhakika ni maji ya mvua. Weka mfereji kwenye bati, kinga maji kwenye tangi au pipa, na maji hayo yawe ya azalea kwanza kabla ya mimea mingine yote ya bustani. Kama una haidrenjia karibu, itakupa habari za bure: maua yake yakielekea bluu, udongo hapo una tindikali, yakielekea waridi, tindikali imepungua.

Udongo ukiwa umeshaharibika, tumia salfa ya unga, hiyo hiyo wanayopulizia mikorosho kule kusini. Gramu 50 kwa mita moja ya mraba zinatosha kuanzia. Nyunyiza juu ya udongo, funika na matandazo, usubiri. Salfa hufanya kazi kupitia vijidudu vya udongoni, kwa hiyo huchukua miezi. Ukichoka kusubiri ukaongeza nyingine, utaiunguza mizizi.

Matandazo yawe na unene wa sentimita 5 hadi 8: maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza kidogo, majani makavu ya mgrevilea, au sindano za misonobari. Yasiguse shina. Na jembe lisikaribie kabisa. Mizizi ya azalea ni myembamba kama nywele na iko juujuu, kwa hiyo palizi moja ya jembe inaweza kukata nusu yake. Magugu yang'olewe kwa mkono.

Hatua ya tatu: wakati

Fuata maua, usifuate kalenda. Kata mara maua yanapokwisha. Kwangu huwa ni baridi inapoondoka, hivyo kisiki kinapata wiki kadhaa za joto halafu mvua za vuli zinakuja kuyalea machipukizi. Ukichelewa hadi baada ya Krismasi utakuwa unakata matumba ya mwaka unaofuata. Tumba la ua ni nene na liko kwenye ncha ya tawi. La majani ni jembamba na limechongoka.

Hatua ya nne: kukata

Chukua mkasi wa kupogolea wenye makali, kwa matawi yasiyozidi unene wa kidole, na msumeno mdogo wa miti kwa mashina. Panga na fyekeo vibaki stoo. Panga hupasua gome, na kwenye mpasuko ndipo ukungu unapoingia. Futa makali kwa spiriti kila unapotoka kichaka kimoja kwenda kingine.

Ondoa kwanza yaliyokufa, yaliyovunjika na yanayosuguana. Simama nyuma hatua chache utazame. Mara nyingi kazi hiyo peke yake inaingiza mwanga ndani ya kichaka hadi ukashangaa.

Sasa hesabu mashina makuu. Chagua theluthi moja, yale marefu na makongwe zaidi. Kama ni sita, mwaka huu unakata mawili. Yakate kwenye urefu wa sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, yapishane kidogo urefu ili kichaka kisije kikaota kama meza. Tafuta kwenye gome vijinundu vidogo, vingine vyekundu: hayo ndiyo macho. Kata karibu sentimita moja juu ya jicho, mshazari kidogo ili maji yateremke. Usipoyaona usihangaike, azalea za majani madogo huchipua hata pale ambapo gome ni laini tupu.

Mashina yaliyobaki yafupishe kidogo tu, juu ya kitawi chenye majani. Hayo ndiyo yatakayoilisha mizizi wakati visiki vinajipanga. Mwakani kata theluthi ya pili, mwaka wa tatu umalizie. Usipake rangi wala lami kwenye kidonda. Mti hujifunga wenyewe.

Najua wapo wanaokata vyote siku moja, na azalea yenye afya kweli inaweza kustahimili. Mimi siwashauri. Kichaka kisicho na jani hata moja hakina cha kuilisha mizizi, na kiangazi kikiingia mapema unakipoteza chote. Miaka mitatu si mirefu kwa mmea unaoweza kumzidi umri aliyeupanda.

Neno moja kwa wenye watunza bustani. Kijana aliyezoea ua wa michongoma ataunyoa juu, uwe tambarare. Azalea ikinyolewa hivyo miaka mfululizo hujaa majani juu, giza linaingia ndani, na chini panabaki fito. Kaa naye, mwonyeshe shina la kwanza, kisha mwache aendelee.

Hatua ya tano: baada ya hapo

Mashina yaliyozoea kivuli yakipigwa jua ghafla yanaungua gome. Tundika neti ya kivuli upande wa jua la mchana kwa wiki kadhaa. Maji yapunguze, kwa kuwa majani yamepungua na udongo ukituama maji mizizi itaoza.

Machipukizi yakianza, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi nane, bakiza matatu au manne kwa kila kisiki, yanayoelekea nje. Yakifika sentimita 15 minya ncha kwa vidole ili yagawanyike. Usipominya yatakimbia juu na utarudi pale pale. Ikifika Februari acha kuminya.

Mbolea weka baada ya kuona machipukizi, siyo kabla. Tumia SA (salfeti ya amonia), kijiko kimoja cha chakula kwa mita ya mraba, kwenye udongo uliolowa. Mbolea ya CAN iacheni kwa mahindi, ina chokaa. Samadi iwe imeoza kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA (kila swali lina jina la mahali anapokaa muulizaji)

Njiro: Shikamoo mwalimu. Mimi nilikata zote usawa wa goti kabla ya kusoma somo. Wiki ya sita sasa, sioni kitu. Ning'oe?

Marahaba mwanangu. Using'oe. Kwangua gome la kila kisiki. Kijani kikiwepo, weka neti ya kivuli, matandazo, maji kidogo mara mbili kwa wiki, na usiweke mbolea yoyote. Mpe mpaka vuli ipite. Kisiki kikiwa kikavu hadi chini, angalia usawa wa ardhi, kwa sababu mara nyingi chipukizi hutokea huko kwenye shingo ya mti.

Sakina: Mama yangu huweka majivu ya jikoni kwenye maua yote, anasema yanafukuza wadudu. Kwenye azalea ni sawa?

Hapana, dada. Majivu hupunguza tindikali, yanafanya kazi ile ile ya maji ya magadi, tena kwa haraka. Mwombe mama kwa heshima ayapeleke kwenye sukuma wiki na migomba. Yaliyokwisha kuwekwa, yakwangue juu kwa mkono, weka matandazo mapya na umwagilie maji ya mvua.

Moshi mjini: Nimefuata kila kitu lakini azalea yangu inaungua majani pembeni kila Januari. Dada yangu yuko Marangu, ya kwake imestawi bila kuguswa.

Ndugu yangu, dada yako amekuzidi kwa baridi. Moshi mjini mko chini ya mita 1,000, joto la Januari ni kali kwa mmea huu. Iwe upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi tu. Kama imeshazeeka penye jua kali, ni salama zaidi kuijengea kivuli kuliko kuihamisha. Na usikate zaidi ya robo kwa mwaka, iachie majani ya kujifunika.

Usa River: Matawi tuliyokata ni mengi. Mbuzi wanaweza kula?

Hapana kabisa, na nashukuru umeuliza. Azalea na rododendroni zote zina sumu, kwenye majani, maua, hata nekta. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wakila hutoka mate, hutapika, huishiwa nguvu, na wanaweza kufa. Hatari kubwa ni jirani anayepita akaona majani mabichi yamelundikwa njiani akadhani ni lishe ya bure. Msiyatupe nje ya geti. Yafukieni, au yakaushwe mahali palipozungushiwa, na mtoe taarifa kwa anayewaletea majani ya ng'ombe. Mnyama akishakula, mwite daktari wa mifugo mara moja, msisubiri dalili zizidi.

Tengeru: Mwaka jana nilikata, imechipua vizuri, ila mwaka huu haijatoa hata ua moja. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Shina lililokatwa hadi chini hujenga matawi kwanza, linaweza kukaa msimu mmoja au miwili bila ua. Ndiyo faida nyingine ya kukata theluthi theluthi, unabaki na maua kwenye yale ya zamani. Kama mashina ambayo hukuyagusa nayo hayakuchanua, angalia mwanga. Azalea inapenda kivuli chepesi, lakini chini ya mparachichi uliofunga haitachanua.

Sekei: Naweza kutumia vipande hivyo kupata miche?

Ndiyo, na ni vizuri ufanye hivyo siku hiyo hiyo, vingali vibichi. Chagua ncha za mwaka huu ambazo zimeanza kukomaa, zinazokunjika kidogo kabla ya kuvunjika. Kata sentimita 8 hadi 10, toa majani ya chini, kata matumba yote ya maua. Chomeka kwenye mchanganyiko wa nusu mchanga wa mto uliooshwa na nusu mboji ya majani, mwagilia maji ya mvua, funika na nailoni angavu, weka kivulini. Fungua kidogo kila siku mbili kutoa joto. Baada ya miezi miwili au mitatu vuta taratibu. Kikikataa kung'oka, kina mizizi. Weka ishirini hata kama unataka miche mitano, vingine vitaoza.