Jino Linauma na Halijatoboka: Namna ya Kulichunguza na Kulipumzisha

Umemulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo, hukuona tundu wala weusi, na bado ukitafuna upande ule unashtuka. Usikimbilie kuling'oa. Jino zima nalo huuma likikandamizwa, likikazwa usiku kucha au likipata ufa mwembamba kuliko unywele. Kila hali ina namna yake ya kuuma, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua linauma saa ngapi na kwa tendo gani.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari. Limeshikwa na nyuzi laini zilizolizunguka mzizi, utando wenye unene wa takriban milimita 0.2. Utando huo ndio unaokuambia kwamba kuna punje ya mchanga kwenye wali. Ukilemewa huvimba, jino huinuka kidogo, likawa la kwanza kugongana na mwenzake wa juu au chini, likaumia tena. Ndiyo maana wengi husema jino "limerefuka". Wanasema kweli.

Kwa siku tatu andika: maumivu huja unapobana au unapoachia? Ni jino moja au upande mzima? Ni asubuhi au jioni? Baridi huliuma kwa sekunde chache au kwa dakika nzima? Umezibwa jino karibuni? Umeng'ata mfupa, muwa, bisi ambazo hazijapasuka, kizibo cha soda?

Kisha lijaribu. Nawa mikono, chukua kijiti safi cha aiskrimu. Gego lina vilima vinne au vitano juu yake. Weka ncha ya kijiti juu ya kilima kimoja tu, ng'ata polepole kwa nguvu ndogo, kama ya kutafuna ndizi ya kuchemsha, hesabu hadi tatu, kisha achia ghafla. Hamia kilima kinachofuata. Ukishtuka mara moja inatosha, usirudie kwa nguvu zaidi, maana jino lenye ufa linaweza kupasuka mbele ya kioo hapohapo. Jino linalolegea au lenye uvimbe usilijaribu kabisa.

Maumivu makali kama ya sindano, kwenye kilima kimoja, hasa unapoachia, ni dalili ya ufa. Unapobana, pande mbili za ufa hutanuka. Unapoachia hujifunga ghafla, na maji yaliyomo kwenye vijitundu vya ndani ya jino husukumwa na kuamsha neva. Yakija unapobana, kwa uzito zaidi kuliko ukali, na vilima vyote vikauma sawa, ni utando wa mzizi uliolemewa.

Kwa ufa, tafunia upande mwingine kuanzia leo na mwone daktari wa meno ndani ya wiki hii. Mweleze kilima ulichokibaini, kwa sababu picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi ufa: ni mwembamba mno, na kwa kawaida umelala kwa namna ambayo mionzi huupita tu. Picha ikitoka safi, bado hujaambiwa kwamba jino ni zima. Daktari atamulika jino kwa taa kali, na mwanga utakatika pale ufa ulipo. Tiba ya kawaida ni kulivika kofia, yaani krauni, inayolibana pande zote kama pete ya chuma kwenye mpini wa jembe ulioanza kupasuka. Ufa ukishashuka hadi mzizini, hapo mara nyingi kung'oa hakukwepeki. Hiyo ndiyo sababu ya kutosubiri, kwani jino halina uwezo wa kujiunga kama mfupa unavyounga.

Kama maumivu yalianza siku chache baada ya kuzibwa, mshukiwa wa kwanza ni kizibo kilichozidi kimo. Wakati ule mdomo ulikuwa na ganzi, hukuweza kujua kama unang'ata sawasawa. Rudi kwa aliyekuziba umwambie: "Nikifunga mdomo, jino hili linagusa kabla ya mengine." Ataweka karatasi ya rangi, utang'ata, alama itabaki pale palipozidi, na atapasawazisha. Ni kazi ya dakika chache na mara nyingi haihitaji sindano. Jino hutulia ndani ya siku kadhaa. Msasa na tupa za nyumbani ziache.

Kusaga meno usingizini kuna alama zake: taya zimechoka ukiamka, kichwa kinagonga kwenye panja, magego kadhaa yanauma pamoja bila kulijua lipi hasa, chonge zimekuwa bapa, ulimi una alama za meno pembeni. Wengi pia hukaza mchana bila kujua, wakiendesha gari au wakishona. Mdomo uliotulia una midomo iliyofungwa na meno yaliyoachana kwa milimita 2 hadi 4. Bandika kidoti cha rangi kwenye simu au usukani, na kila ukikiona, tamka "nnn" kisha acha taya ining'inie. Jioni weka kitambaa cha maji ya moto shavuni kwa dakika 10, halafu kanda msuli unaotuna ukikaza meno, kwa mizunguko midogo. Daktari anaweza kukutengenezea kinga ya usiku ya plastiki ngumu kwa vipimo vya meno yako. Zile laini za dukani huwafanya baadhi ya watu watafune zaidi. Mtafunaji wa miraa ana shida nyingine, kwa sababu msuli wa upande mmoja hufanya kazi kwa saa nyingi bila kupumzika, na hapo kinga ya usiku pekee haitasaidia.

Vyovyote iwavyo, lipumzishe jino kwa wiki mbili: uji, ugali, samaki asiye na miiba, maharage yaliyochaguliwa mawe na kuiva vizuri. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli miligramu 1,000 kila baada ya saa 6, isizidi 4,000 kwa siku. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, isizidi mara 3 kwa siku, hutuliza vizuri zaidi utando uliovimba, lakini si kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au pumu. Amoksilini haina kazi hapa, kwa kuwa hakuna mdudu wa kuua. Aspirini iliyosagwa na kuwekwa kwenye ufizi huunguza ufizi na jino linabaki vilevile.

Magego ya juu yakiuma pamoja ukiinama, na una mafua mazito, huenda ni sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo juu ya magego hayo, vimevimba.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona uso umevimba, homa, usaha, mdomo haufunguki au kumeza kunakuwa kugumu. Maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua au jasho jembamba si ya meno: huo ni moyo, na safari hiyo haisubiri asubuhi.